Barabara Mpya ya Kalunguta

Wasikilizaji wapendwa, mlima uliporomoka Kalunguta na kuimeza barabara. Malori ya Butembo hayakufika tena Beni. Yaliyojaribu kupita ukingoni yalianguka. Hiyo ndiyo taabu iliyompata Siméon Kahongya, mwenyekiti wa wasafirishaji wa Mususa, Butembo, tuliyemzika juzi.

Ilikuwa wakati wa vita. Serikali ilikuwa Kinshasa, lakini Beni ilitawaliwa na waasi, na ruhusa ya kujenga ilitoka katika ofisi yao. Kahongya alitaka barabara mpya ipite juu zaidi. Mkuu wa ofisi aliitazama ramani, akaikubali, akagonga mhuri. Sharti lilikuwa moja: wenye mlima wakubali mbele ya watu wote, kabla ya mvua.

Narudia. Ruhusa ilikuwepo. Ilibaki sauti ya wenye mlima.

Wiki hiyohiyo chifu wa mlima akafa. Kahongya alizaliwa Kayna, akalelewa akijua kwamba ardhi haizungumzwi matangani. Alipeleka maharage, akakaa na wafiwa, akanyamaza. Mkewe, Virginie, anakumbuka:

"Nilimuambia, Papa, uliza hata kidogo. Akasema, mutu anaomba njia juu ya kaburi? Hapana."

Matanga yakaendelea. Waasi wakagawanyika, ofisi ikapata mkuu mwingine. Huyo aliutazama ule mhuri, akacheka.

"Papa, hii kachet ni ya bale balikimbia. Donc, unaanza tena."

Mvua ikanyesha. Lori la Kahongya likajaribu ukingo, likaanguka.

Walipomaliza kuzika waliokufa katika lori hilo, mjane wa chifu, Mama Kaswera, alimwendea.

"Mais juu ya nini hukuuliza? Bwana yangu aliacha neno, njia ipite. Tulikuwa tunangoja wewe useme."

Kahongya alirudi Beni kuomba upya. Safari hii alikuwa amewauliza wenye mlima kwanza, akapata ruhusa, na barabara ikachimbwa kwa majembe.

Mama Virginie na familia yote, poleni sana. Nasi tuliobaki, tujiulize ni neno gani tunalimeza kwa heshima, na mwenzetu anangoja tuliseme.

Lori lile liliua watu saba. Dereva Phinées. Wachuuzi wanne wa Kalunguta. Mtoto mchanga wa mmoja wao. Na Jemima, binti pekee wa Kahongya.