Kochi la Mama Pacha

SHANGAZI: Haloo? Nani mwenzangu?

KINYOZI: Mimi, shangazi. Si jina langu limetokea hapo kwenye simu?

SHANGAZI: Aa, sikuangalia. Kumbe kinyozi wangu! Hujambo, baba?

KINYOZI: Sijambo. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba. Makelele gani hayo?

KINYOZI: Mashine, namnyoa mteja. Eti, wale watu wa bima ya afya wamefika kwako leo?

SHANGAZI: Wamefika! Na nimewapokea, we acha tu! Nimeazima kochi la Mama Pacha hapo jirani, runinga ya mwenye nyumba, zulia la—

KINYOZI: Umeazima nini?

SHANGAZI: Zulia! Husikii? [mkwaruzo] ...soda baridi, kila mtu na yake!

KINYOZI: Uwii, shangazi! Wale wanatafuta wasio na uwezo wa kuchangia, ili serikali iwalipie! Sasa si watasema wewe tajiri?

SHANGAZI: Ulitaka nimkalishe mgeni kwenye ndoo? Uso wangu ningeuweka wapi?

KINYOZI: Na ile operesheni ya macho yako aliyosema daktari, atalipa nani? Kochi?

SHANGAZI: Macho yangu hayana neno. Hata afisa kaniuliza. Nikamwambia, nakuona vizuri sana baba, na hilo shati jeupe limekukaa! Akacheka.

KINYOZI: Jeupe?

SHANGAZI: Pee!

KINYOZI: Shangazi... shati lake jekundu.

SHANGAZI: We umelijuaje?

KINYOZI: Ndiye ninayemnyoa. Alikuwa ananisimulia habari za mama fundi cherehani mwenye kochi la kifahari. Nikajua hapo hapo ni wewe. Na... simu nimeiweka sauti ya juu.

SHANGAZI: Mungu wangu! Anasikia? Huna adabu wewe mtoto! Nakata—

KINYOZI: Usikate! Shangazi, ile suruali uliyonishonea, mfuko mmoja uko gotini.

SHANGAZI: Gotini?

KINYOZI: Gotini kabisa.

SHANGAZI: Na hukuniambia?

KINYOZI: Ningeanzaje? Naivaa hivyo hivyo. Watu wakiuliza, nasema ndiyo fasheni.

SHANGAZI: [anacheka] Mwanangu... uzi natungiwa na Mama Pacha. Kitambaa nakipapasa tu. Naogopa, jamani. Cherehani ikinishinda, nitakuwa nani mimi?

KINYOZI: Pole, shangazi yangu. Pole sana. Ngoja kidogo, anasema kitu... [mashine inazimwa] Anasema majibu hajayapeleka ofisini. Atarudi kesho, aone nyumba ilivyo.

SHANGAZI: Kesho? Basi ngoja nikimbie kwa Mama Pacha, anipe vile vikombe vyake vya—

KINYOZI: Shangazi!

SHANGAZI: Vikombe tu!

KINYOZI: Hata kijiko usiazime! Na kochi lirudi kwao leo leo!

SHANGAZI: Sasa mtu wa watu atakaa wapi?

KINYOZI: Kwenye ndoo! Haya, salio linaniishia—

SHANGAZI: Haya, ndoo. Lakini naisugua kwanza! Haloo? Bado upo?

KINYOZI: Nipo, fanya haraka!

SHANGAZI: Mwambie avae shati lolote. Rangi nitamuuliza.