Mwalimu Kumi na Tano: Jaifar bin Humaid wa Wete na Al Amerat (1949–2008)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, na kwa idhini ya wazee waliomo sablani humu, ukumbi wetu wa kukutania. Leo ni siku ya tatu ya azaa, ya matanga haya. Wasifu huu unasomwa na Saeed bin Thani, mtoto wa mdogo wake marehemu, na umechapwa ili jamaa wa Wete, Unguja na Dar es Salaam nao waupate. Tangu Ijumaa hadithi ya Bakhit na Kombe la Vyuo imesimuliwa humu ndani mara nyingi, tena na watu ambao siku ile hawakuwapo, na kila mara inakwisha kwa kicheko kwamba mwalimu alikosea. Mzee mmoja amenishauri niiruke, nimsitiri marehemu. Namheshimu mzee huyo, lakini siiruki. Marehemu hana kitu cha kusitiriwa.

Jaifar bin Humaid bin Muhanna alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Agosti 1949. Baba yake, Mzee Humaid, alikuwa na duka la nguo karibu na soko, na mama yake alikuwa Bi Khole binti Saeed. Walijaaliwa watoto watatu. Jaifar alikuwa wa kwanza, akafuata Nasriya, na wa mwisho ni Thani, baba yangu, ambaye amekaa pale mlangoni tangu asubuhi akipokea watu.

Alisoma chuoni Kurani kwa mjomba wake, kisha skuli ya Wete. Huko ndiko alikoanza ubishi wake. Timu ya darasa ilichaguliwa na mtoto mwenye mpira, na mwenye mpira aliwachagua waliompa visheti na waliomcheka mizaha yake. Jaifar alikataa kutoa visheti na akakaa nje ya mstari muhula mzima. Alikuwa beki wa kushoto wa kawaida tu, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri hivyo. Kilichomuuma si kutochezeshwa. Kilimuuma kutoambiwa sababu. Mwaka 1964 familia ilihamia Dar es Salaam, na huko akamaliza masomo ya sekondari na kufundisha skuli ya msingi kwa miaka minne.

Alifika Maskati mwezi wa Machi 1974. Alipelekwa Kuwait kusomea ualimu wa michezo, akarudi mwaka 1979, akafundisha Matrah, na mwaka 1987 akahamishiwa chuo cha ufundi ambako alibaki hadi alipostaafu. Chuo kile kila mwaka kilikuwa na nafasi nne za wachezaji mpira. Kijana aliyepata nafasi ya michezo alisomeshwa na kulazwa dakhalia, bwenini mwa chuo, hata kama alama zake za darasani zilikuwa za wastani. Kwa vijana wengi wa mitaani, ile ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufika chuoni.

Kabla yake, nafasi zile zilitolewa kwa simu. Wenye umri wa baba yangu wanajua ninachosema. Simu ikilia, mtoto wa fulani anaingia. Marehemu alizifuta simu. Kila Septemba aliita vijana thelathini waliopendekezwa na skuli zao, akawajaribu siku mbili, akawapa alama kwa mbio, pumzi, mguu, kichwa, akili ya mchezo na ushujaa, akawapanga wa kwanza mpaka wa thelathini. Kisha akaibandika orodha kwenye kioo cha mlango wake, nje, kila mtu asome jina lake na jina la mwenzake. Wanne wa juu waliingia. Aliyekuja kulalamika alionyeshwa alama zake, moja baada ya moja, na akapewa chai.

Mwaka 1996 kijana wa tano kwenye kioo kile alikuwa Saeed bin Thani. Ndiyo, mimi. Baba yangu alikwenda kwake Al Amerat jioni ileile. Nilikuwa nimekaa garini na vioo viko chini, nikayasikia yote.

"Kaka, ni nafasi moja tu. Mtoto wa nduguyo huyu."

"Nnajua mtoto wa nani. Nlimbeba mimi."

"Basi mtie."

"Nimtoe nani, Thani? Niambie jina, kisha twende sote wawili kwao, umwambie baba yake wewe."

Baba akavaa viatu vyake. Alirudi garini, na tangu siku ile akawa hampi ndugu yake zaidi ya salamu ya misibani. Mimi nikaenda kujifunza ufundi wa magari mtaa wa Ghala, ambako mpaka leo nina gereji yangu, na siyo siri kwamba mwaka wa kwanza nilimchukia.

Sasa tuje kwa Bakhit. Kijana huyu wa Yiti alikuwa wa kumi na tano katika orodha hiyohiyo. Hakupata nafasi ya michezo, lakini alipasi mtihani na kuingia chuoni kama mwanafunzi mwingine yeyote, akaomba kufanya mazoezi na timu, na marehemu akamruhusu. Fainali ya Kombe la Vyuo ya mwaka 1998 alipangwa kumkaba mshambuliaji aliyesifiwa kuliko wote nchini, kijana ambaye kila chuo kilimgombea. Bakhit alimnyang'anya mpira mechi nzima akiwa amesimama wima, kisha akapanda mbele na kufunga bao pekee. Jukwaa zima likageuka kumtazama mwalimu na kuimba kwa Kiarabu, "Khamstaashar! Khamstaashar!" Kutoka siku ile akawa Mwalimu Kumi na Tano, na aliponunua gari jipya mwaka 2001 aliomba kibao cha nambari kinachoishia na kumi na tano. Aliendesha nacho barabara ya Wadi Adai kila asubuhi, taratibu, wote wakisome.

Chuoni wakasema basi, orodha hizi hazitabiri kitu, tuachane nazo, tuchague kwa macho. Marehemu aliuliza, "Macho ya nani? Macho nayo yanasikia simu." Akawatolea orodha za miaka kumi. Katika kila wanne wa juu, watatu kwa kawaida walikuwa nguzo za timu hadi walipomaliza. Katika walioshika baada ya wa kumi na kuingia kwa mtihani kama Bakhit, ilipita miaka miwili au mitatu kabla hajatokea hata mmoja. "Bakhit mnamjua nyote," akawaambia. "Nitajieni wa kumi na nne." Hakuna aliyemjua. Orodha ilikuwa ikisema kweli juu ya vijana wengi kwa pamoja, na hapo hapo ikaweza kumdhulumu mmoja, na marehemu hakukubali kufumbia macho lolote kati ya hayo mawili. Watu hupenda kushika moja na kulitupa la pili, kwa sababu hivyo ni rahisi.

Ndiyo maana alikwenda Yiti. Alikaa ukingoni mwa uwanja wa mtaa wao, ambao ni changarawe tupu, akawatazama wakicheza Alhamisi tatu mfululizo. Hakuona hata mmoja anayeserereka chini kuuzoa mpira. Akamuuliza Bakhit, na Bakhit akapandisha suruali akamwonyesha kovu la goti. Kwenye changarawe, anayeserereka anaacha ngozi yake pale. Wao walijifunza kuuchukua mpira wakiwa wamesimama kwa miguu miwili na kwa kuwahi. Lakini marehemu alikuwa akipima ushujaa kwenye nyasi za chuo, na alama kubwa aliwapa waliojitupa chini. Kijana wa Yiti alipata alama mbili katika kumi kwa ushujaa. Kumbe kilichopimwa ni uwanja aliokulia.

Alizipiga upya alama za mwaka 1996 zote, safari hii bila kuwazidishia waliojitupa chini. Bakhit akapanda hadi wa tatu. Kisha, siku ya pili ya Idi ndogo ya 1999, bila kualikwa, alikuja nyumbani kwetu na mkewe, Bi Mahfudha, na bakuli la halua.

"Thani, nimekuja kukwambia kitu. Ile orodha ya tisini na sita nlikosea."

Baba akaweka finjani chini. "Wallahi nlikwambia, Kaka. Nlikwambia mapema."

"Nimeipiga upya yote. Saeed hakuwa wa tano."

"Alhamdulillahi."

"Alikuwa wa tisa."

Ilikuwa kweli. Mimi nilikulia kwenye nyasi za chuo kile kwa sababu mwalimu ni ami yangu, na nilikuwa nikiserereka kwa kila mpira, hata uliokwisha toka. Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mahfudha. Baba alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akasema, "Mtu huyu hafai kitu. Mtieni kahawa." Hivyo ndivyo walivyopatana. Na tangu mwaka huo majaribio ya chuo yakafanywa siku moja kwenye nyasi na siku moja kwenye changarawe.

Alimuoa Bi Mahfudha binti Aziz, mzaliwa wa Tabora, tarehe 9 Mei 1980 hapa Maskati. Alimtania miaka yote kwa Kiswahili chake cha bara, naye akimjibu kwamba angempa alama za upishi asingekula tena nyumbani. Hakuthubutu. Walijaaliwa Majid, Hadeel na Taghreed.

Maumivu ya tumbo yalimwanza katikati ya 2007, na Januari mwaka huu akaambiwa ni saratani ya kongosho. Daktari alimweleza wazi kwamba katika watu kumi wenye hali yake, mmoja ndiye huuona mwaka wa pili. Hadeel akamwambia, "Baba, nambari hizo usizishike." Akamjibu, "Nambari ni kweli, mwanangu. Sikuzitetea miaka ishirini ili nizikatae leo zimenifika mimi. Ila daktari kanipima kwenye nyasi." Septemba, akiwa mifupa mitupu, alitaka apelekwe kwenye majaribio. Alikaa juu ya kiti cha plastiki pembeni mwa changarawe, hapa hapa Al Amerat, akawatazama vijana wote thelathini, na hakuondoka kabla ya wa mwisho.

Hakuwa yule mmoja katika kumi. Alifariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 21 Novemba 2008, nyumbani kwake. Atakayesema alishindwa kama nambari zilivyotabiri, aje aniambie mimi. Nambari ziliijua siku yake kwa kukisia. Hazikujua atakavyokaa kwenye kiti kile.

Ameacha mjane, Bi Mahfudha, watoto watatu, Majid, Hadeel na Taghreed, wajukuu wawili, dada yake, Bi Nasriya, na mdogo wake, Thani, na vijana wa chuo ambao majina yao yalibandikwa kwenye kioo, waliopata na waliokosa. Wengi wao wamo humu.

Tena aliacha usia wa mdomo kwa mkewe juu ya watu wa kuingia kaburini kumpokea. Aliwataja kwa mpangilio: Majid, Thani, Bakhit, Saeed. Bi Mahfudha akamuuliza mbona hao, akasema, "Wanne wanatosha." Hakueleza alama. Juzi baada ya Alasiri tuliteremka, na nilikuwa wa nne.

Mola amrehemu Ami Jaifar, amsamehe, ampe raha ya kaburi lake. Anayempima sasa anaijua kila ardhi aliyoichezea. Amina.