Fundi wa Makochi na Kifua cha Kitinda Mimba Wake

Wazee wetu, majirani, mafundi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imenituma mimi, dada yake, niwasomee safari ya maisha ya ndugu yetu, fundi wa makochi, ambaye wengi mlimwita Mzee Sponji, naye akaitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu mpiga chapa, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966, hodari wa hesabu na mzito wa kuimba, kisha akapelekwa kwa mjomba kujifunza kushona makochi, kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipokataa. Mwaka 1974 alifungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, na tarehe 9 Desemba 1978 akafunga ndoa na wifi yangu, aliyetutangulia mwaka 2006, wakajaliwa wavulana wawili na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1988, ambaye alikuwa mboni ya jicho lake, na kaka zake hapa hawatabisha.

Binti huyo aligundulika kuwa na pumu akiwa na miaka mitano, wakapewa pampu mbili hospitalini, ya bluu ya kufungua kifua kinapobana, na ya kahawia ya kuvuta asubuhi na jioni hata siku ambazo mtoto anaruka na kucheza, lakini ndugu yetu, ambaye kauli yake siku zote ilikuwa akiba haiozi, aliona ni ubadhirifu kumpa dawa mtoto mzima, akaifungia ile ya kahawia kabatini ingoje siku mbaya, akategemea ya bluu, kwa kuwa hiyo aliiona ikifanya kazi mbele ya macho yake.

Siku mbaya ilifika mchana wa tarehe 19 Juni 1995, karakana ikiwa imejaa vumbi la sponji kuukuu, mtoto akabanwa hata akashindwa kumaliza neno, pampu ya bluu haikufua dafu, baba akaitoa ya kahawia na kumpulizia mfululizo, asijue kwamba dawa ile haiokoi mtu papo hapo, bali hutuliza uvimbe wa njia za hewa polepole, siku baada ya siku. Ni jirani mwenye teksi aliyewakimbiza hospitalini.

Mtoto alipotulia, muuguzi wa wodi alimketisha baba, akamweleza bila kumgombeza kwamba dawa ya kuzuia haiwekwi akiba, maana kazi yake ni kuifanya siku mbaya isije, akamwonyesha namna ya kuivuta kupitia chombo cha plastiki, na kwamba mtoto asukutue mdomo baadaye, na ndugu yetu, mbishi kama sisi sote wa ukoo huu, siku hiyo hakubisha. Alihamishia karakana mtaa wa pili, akapoteza wateja, na dawa haikulala tena kabatini.

Kifua kikafunguka, mtoto akakimbia, akasoma, akawa mpimaji wa ardhi, na mwaka 2011 akapata kazi ng'ambo, kwenye milima. Baba alimpa baraka zote, lakini tuseme ukweli, hamu ya kumwona ilimla kila uchao, simu zake zilianza kwa kuuliza kama amevuta dawa, kabla ya salamu, kwa mwanamke mzima mwenye mume, na akishakata simu alikaa kwenye kochi la mteja, asishone kitu.

Mwaka 2021 iligundulika kuwa moyo wake umepanuka, akatukataza kumwambia binti, asije akaacha kazi, tukamtii hadi alipozidiwa mwishoni mwa Aprili 2023. Mchana wa tarehe 5 Mei, binti akiwa njiani, katika kiwanja cha ndege cha nchi nyingine, tulimwekea marehemu simu sikioni, naye akamwomba mwanawe kwa mnong'ono asieleze chochote, apumue tu. Alisikiliza kwa muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akatuambia kwamba mtoto analia, lakini kifua chake hakina mluzi. Alifariki alfajiri ya kesho yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuazima viti na kulala nasi msibani, na mafundi waliofunga karakana zao leo. Ameacha watoto watatu na wajukuu wanne.

Kaka, binti yako alifika jana jioni, amekaa hapa mbele. Sasa pumzika, kwa amani.