Mzee Jilala Hakutua Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Hata anayesonga ugali, asikie. Mzee Jilala wa Kwihara ametutoka. Mzee Jilala, mpagazi wa zamani, mtu wa miaka sabini na miwili, alifariki Jumamosi kwenye mbio za mizigo hapa Tabora.

Mbio hizo ni za kutoka Kwihara hadi sokoni, ratili sitini begani, kama enzi za misafara kabla ya reli. Na sharti lake ni moja: mpagazi akifika hatui mwenyewe. Hupokewa na mtu wa damu yake. Anayetua mwenyewe huchekwa, na habari zake hufika Nzega kabla ya treni kupiga honi.

Damu ya mzee ilikuwa moja tu, binti yake Kashindye. Miaka tisa hawakusemezana. Miaka tisa! Kashindye aliolewa na Nassibu, fundi cherehani wa mjini, baba hajaridhia. Baba akamfukuza mbele ya watu: "Toka, na mzigo wangu usiuguse!" Tangu hapo kila mwaka mzee alitua mwenyewe, akachekwa.

Mwaka huu kifua kilimbana tangu masika. Ijumaa jirani yake, Bi Mwanahawa, akaenda kwa Kashindye.

"Baba yako kasema atakimbia, na hatui mpaka umpokee."

"Kasema kwa mdomo wake?"

"Mwanangu, mdomo wa baba yako si unaujua?"

"Basi aniite mwenyewe, mama. Mbele ya watu, kama alivyonifukuza mbele ya watu."

Jumamosi ilikuwa joto, hata jani halitikisiki. Kashindye alijibanza nyuma ya wauza karanga, kajifunika mtandio. Vijana walifika, wakapokewa kwa vigelegele. Soko likatulia. Ndipo mzee akatokea, peke yake, anayumba. Akafika. Akasimama. Hakutua.

"Tua, babu!" kijana mmoja akapaza sauti. "Au unangoja msafara wa Ujiji?"

Watu wakacheka. Kicheko kikapungua. Kikaisha. Kashindye aliiona midomo ya baba imekuwa rangi ya majivu. Niite, alisema moyoni. Niite tu. Mzee aligeuza shingo huku na huku, macho hayamwoni mtu. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka.

Kashindye akatupa mtandio, akakimbia. "Nipo, baba! Lete!" Akaingiza bega chini ya mzigo.

"Kashindye," mzee alinong'ona, "nakuita tangu kule njiani."

Akaanguka, mzigo ukabaki begani kwa Kashindye. Hakuinuka tena.

Nassibu alikuja mbio kumtua mkewe. Kashindye akakataa. "Wewe si damu yangu." Na Kashindye hana mtoto wa kumpokea. Akaufuata mwili wa baba yake hadi Kwihara, ratili sitini begani, na Bi Mwanahawa anasema mpaka jua linazama alikuwa bado amesimama uani.

Pole, Kashindye. Pole, Nassibu, na majirani wote wa Kwihara. Nawe unayesikiliza, kama yupo mtu unangoja aanze yeye, zima redio hii. Nenda sasa hivi.