Mbuzi wa Syokau

Josephat, toka hapo mlangoni ukae. Tryphena, sogeza kiti karibu na kichwa changu, maana sauti inanikimbia na sitaki kurudia neno. Na wewe, mama Mutinda, usiinuke, kaa papo hapo ulipo. Tryphena, tangu asubuhi nakuona ukimtazama kaka yako, ukijiuliza huyu mama Mutinda, Syokau wa Maungu, amekuja kumjulia hali mgonjwa kwa undugu gani. Nimemwita mimi. Nilimwomba mwinjilisti Nicholas amlete kwa bodaboda, na habari ya mali yangu sitaisema asipokuwapo. Nisikilizeni hadi mwisho, msinikatize, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema jambo hili mara moja tu.

Mbuzi walio zizini mwetu, wale wa kahawia wenye mistari miwili myeupe usoni, ambao Josephat anapeleka maziwa yao hotelini Voi, na ambao walikusomesha wewe Tryphena mpaka leo unavaa beji ya shirika, wote wametoka kwa mbuzi mmoja. Mwaka wa elfu mbili na tano, jua lilipotukausha na ndovu wakamaliza kile kidogo kilichoota, shirika lilikuja hapa Sagalla na mbuzi wa maziwa kwa ajili ya nyumba zenye watoto waliokonda. Sharti lilikuwa moja na lilisomwa barazani tukiwa tumesimama juani: ukipewa mbuzi, mtoto wake wa kwanza jike, akishaacha kunyonya, unampeleka kwa nyumba inayofuata kwenye orodha, na nyumba hiyo nayo itafanya vivyo hivyo, mpaka kila mtoto wa kilima hiki apate kikombe chake cha maziwa. Tulipewa kwa sababu wewe Tryphena ulikuwa mtoto wa kuugua kila wiki. Na nyumba iliyofuata baada ya yetu ilikuwa ya Syokau.

Alikuwa mjane, anakaa kule chini penye mawe, na Mutinda wake alikuwa na miaka mitatu na bado miguu haijamshika. Mimi nilijua hali yake kuliko mtu yeyote, kwa maana nilikuwa karani wa kamati na ni mimi niliyemwandika. Mbuzi wetu akazaa, akazaa jike, na mtoto yule alikuwa mzuri, anaruka juu ya mgongo wa mama yake, watu wanasimama kumtazama. Siku ya kumpeleka ikafika, nikasema wacha anenepe kidogo. Nikasema tena mvua ipite. Halafu nikasema nitampa Syokau mzao wa pili, na wa pili akawa dume. Kwa ukweli wa Mungu sikuamka asubuhi moja nikaamua kuiba, nilikuwa nikisogeza siku tu, na kila nilipoisogeza nilijipa sababu. Ile iliyonituliza zaidi ya zote ni kwamba Syokau si wa hapa, ni Mkamba aliyefuata mume akabaki, kwao wapo watamsaidia. Nilisema hivyo mimi, ambaye baba yangu mwenyewe alihamia hapa kutoka Ronge akiwa na jembe na blanketi, akapokewa.

Kisha shirika likatuma habari kwamba wageni kutoka ng'ambo wanakuja Jumanne kuona kama mbuzi wamefika nyumba zote, na orodha ikiwa imekamilika, mbuzi wengine zaidi wataletwa. Kamati nzima ikaniangalia mimi. Nyumba zote zilikuwa zimetiwa alama ila moja. Wenzangu waliniambia, Sylus, tusikose baraka hii kwa ajili ya mtu mmoja, maliza hiyo karatasi. Sitawasingizia marehemu, hawakujua nilichokifanya, walidhani nitampeleka yule mbuzi jioni ile ile. Nilikuja nyumbani na karatasi na ile pedi ya wino wa zambarau, nikamwomba mama yenu aweke kidole gumba mahali pa Syokau. Alikataa. Alisema kidole chake hakitasema uongo mbele ya Mungu, akachukua jembe akaenda shambani, na siku mbili hakunisemesha. Lakini kidole kiliwekwa. Cha nani, nitasema sasa hivi, msinisukume.

Wageni walikuja, wakaimbiwa, wakapiga picha na watoto, na mbuzi wengine wakaletwa kweli. Kuna watu wazima kilimani hapa leo waliokua kwa maziwa ya wale mbuzi wa pili, na kwa miaka mingi nilijipongeza kwa hilo, nikajiona kama niliyebeba dhambi kwa niaba ya wengi. Huo ulikuwa upuuzi. Syokau alipokuja barazani akauliza mbuzi wake yuko wapi, mtoto akiwa mgongoni, nilisimama mimi, nikaikunjua ile karatasi mbele ya naibu wa chifu na watu wote, nikasema mama huyu alipokea na kidole chake hiki hapa, kama amemuuza na aseme. Watu wakacheka. Kuna aliyemwita mla mbuzi wa watoto, na jina hilo likamkaa, akichota maji anaitwa hivyo, akiingia kanisani watu wanahama benchi alilokalia. Baada ya majuma machache alimfunga Mutinda mgongoni akashuka Maungu, na mimi nikashukuru kwamba ameondoka.

Mama Mutinda, usitazame chini. Mimi ndiye wa kutazama chini.

Na haikuishia hapo. Ile orodha ilinakiliwa ofisini, na kila msaada uliokuja baadaye ulipitia orodha ile ile: wa matangi ya maji, wa mabati, wa sare na karo za shule. Kila Syokau alipopanda kutoka Maungu kujaribu bahati yake aliambiwa, mama, nyumba yako imeshasaidiwa, wapishe wengine. Hata uji wa chekechea alinyimwa mtoto wake. Mutinda aliacha shule akiwa darasa la nne, akaanza kupakia makaa kwenye malori, na leo mgongo unamuuma kuliko wangu mimi mzee. Sasa ana mtoto wa miaka miwili, Shanice, na nimeambiwa na Nicholas, aliyemwona kwa macho yake, kwamba mtoto huyo naye hajasimama.

Tryphena, mwanangu, mwezi uliopita ulirudi kutoka kazini ukala chakula pamoja nami hapa, ukanisimulia kisa cha bibi mmoja aliyekuja kwenye meza yako na mjukuu mkononi akiomba aandikwe. Ulisema ulifungua faili za zamani ukamwonyesha alama ya kidole, ukamwambia, "Mama, ulipata mbuzi mwaka wa elfu mbili na sita, usitufanye wajinga." Ulisema alikataa katakata, na kwamba inakuudhi watu wanapotumia watoto kudanganya. Niliisukuma sahani kando. Wewe ukadhani ni ugonjwa, ukaniletea maji. Hukukosea kwa kuisoma karatasi, karatasi ndiyo ilikuwa imekosewa, na aliyeikosea alikuwa mbele yako akila ugali wako.

Sasa nipe mkono wako. Sio huo, wa kulia. Kovu hili juu ya kidole gumba ulilipata ukimenya muhogo, ulikuwa na miaka saba, ulilia mpaka mama yako akakufunga kwa kitambaa cha kichwani mwake. Siku ile ya wino ulikuwa na miaka tisa, umetoka shule, unataka kucheza. Nilikuambia tunacheza ofisi, wewe ni mkubwa na mimi ni karani, nikakishika kidole chako nikakibonyeza kwenye pedi, halafu kwenye karatasi, mahali pa Syokau. Ulifurahia ule wino, ulikataa kunawa hadi jioni. Kidole ulichomwonyesha bibi huyu mezani kwako ni chako. Nenda kaiangalie ile karatasi kwa jicho lako la leo, utaliona kovu limekata katikati ya mistari.

Lia, usione haya. Lakini lia ukinisikiliza, kwa sababu kesho ni Ijumaa na orodha ya watoto wa mwaka huu inafungwa saa kumi jioni, ndivyo ulivyoniambia mwenyewe. Lililobaki mkononi mwetu ni Shanice aingie au abaki nje. Ya Mutinda yamekwisha kupita na hakuna awezaye kuyarudisha.

Josephat, nakujua unavyokunja uso. Tulizungumza Jumapili na ukaniambia yasifukuliwe, Tryphena atafukuzwa kazi, kamati itadai zizi lote, jina la baba litachafuka kabla kaburi halijakauka. Ukaniambia tumpe mama huyu mbuzi wawili kimya kimya, tuseme tumemwonea huruma. Nakupenda, wewe ndiye uliyelitunza zizi hili mimi nikiwa sina nguvu, na hujui kuiba. Lakini hapo hapana. Ukimpa kimya kimya, yeye atabaki mla mbuzi wa watoto, na wewe utakuwa mtu mwema aliyemsaidia maskini. Sitaki ashukuru mtu. Huyu haombi msaada kwetu, anachukua chake, na mbele ya watu wale wale waliomcheka.

Kwa hiyo shikeni haya, na Nicholas ameyaandika, na nimetia sahihi jana mbele ya wazee wawili wa kanisa ili msije mkasema mzee alikuwa anaweweseka. Josephat, nusu ya zizi ni ya Syokau, na anayechagua ni yeye, sio wewe. Usimfichie wale wanaokamuliwa ukamsogezea vikongwe. Kile kipande cha chini chenye bomba, ambacho ulitaka kujenga nyumba ya kupangisha, nacho ni chake, maana mbuzi hawanywi upepo na kule Maungu hana hata debe la maji. Najua nimekuumiza. Ulikuwa umeshaleta mawe. Mawe hayo mwachie.

Tryphena, kesho asubuhi utashuka Voi na gari la kwanza, uende kwa mkuu wako kabla hujafungua ofisi yako, uweke kidole chako kwenye karatasi nyeupe kando ya kile cha zamani, umwambie kila kitu. Usiseme baba alikuwa mgonjwa, wala usiseme wakati ule kila mtu alikuwa na njaa. Sema baba yangu aliiba na mimi nilikuwa mtoto. Kisha uandike jina la Shanice kwa mkono wako. Kama watakufuta kazi, utafutwa ukiwa umeandika. Sina la kukuhakikishia juu ya hilo, mwanangu, naliogopa kuliko hiki kifo changu.

Na baraza likiitwa, mwambieni naibu wa chifu, hata kama huyu wa sasa hakuwapo, atangaze kwamba Syokau hakuuza mbuzi. Litamkwe hilo kwanza, kabla ya rambirambi zangu. Msinizike kabla halijatamkwa. Nicholas ameahidi hatafungua kitabu cha maziko.

Niinueni kidogo. Hapo. Basi, inatosha.

Baba yangu alipokuwa akienda, alituita, akatia maji kinywani, akayanyunyiza juu ya vichwa vyetu akitutamkia mema, wazee waliita kutasa. Sisi tukawa watu wa kanisa, lakini hakuna aliyeisahau siku ile, na mimi mwenyewe nilijiwekea kwamba nitawatasa ninyi. Maji yapo hapo kwenye kikombe, Tryphena aliyachota asubuhi bila kujua ni ya nini. Siwezi. Baba aliniambia kwamba mtu akiwa amemkasirisha mwenzake, na mwenzake ana haki, maji ya kinywa chake ni maji tu. Kwao Ukambani nako wazee hutema mate ya baraka, mama Mutinda anajua ninachosema. Baraka yenu, wanangu, kwangu haipo. Iko kwake huyu, imekaa kwake muda wote ambao kila mtu alimnyamazisha kwa karatasi yangu.

Josephat, mpe kikombe. Mpe kwa mikono miwili. Piga magoti, wewe ni mkubwa lakini piga magoti.

Mama Mutinda... siombi unisamehe. Kuomba ni kukuongezea kazi. Ukitaka kuwatamkia hawa watoto mema, watamkie, wao hawakujua. Ukitaka kuwaambia machungu yako yote kuanzia barazani hadi mezani kwa Tryphena, waambie, watayabeba. Na ukitaka kuyamwaga hayo maji ukashika njia, Josephat hatakuzuia, na kesho mjukuu wako ataandikwa vile vile, mbuzi watashuka vile vile. Wanangu, mmesikia? Vile vile. Akibariki au asibariki.

Mungu awe... hapana. Nimesema sitabariki.

Giza... au mmefunga dirisha? Ah, liko wazi. Tryphena, uko wapi, usiuachie mkono. Amekishika kikombe? Josephat, usimwambie la kusema. Usimsaidie neno.

Nyamazeni nyote. Mimi nimenyamaza. Aseme yeye.