Kijiti cha Kioko Mwangangi

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kidogo mje mketi. Leo tunamkumbuka Kioko Mwangangi wa Ruring'u, hapa Nyeri. Kioko karani wa kupiga chapa. Kioko golikipa. Alituacha mwezi wa saba, katika ile baridi ya ukungu, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Amezikwa kwao Migwani.

Mkewe, Mercyline, mama wa binti yao Shirleen, ndiye aliyetuomba kipindi hiki. Alikuja studio mwenyewe, sweta ya kijivu imefungwa vifungo hadi shingoni. Akasema, "Msiseme ati aliugua kwa muda mrefu akavumilia. Semeni vile ilikuwa. Na mimi pia mniseme."

Basi tutasema vile ilikuwa.

Kioko aliletwa Nyeri na kazi. Ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, ilimpa meza karibu na dirisha, na miaka tisa alikaa hapo akipiga chapa kwa vidole vyote kumi. Wenzake walikuwa wakimfunika mikono kwa gazeti ili wamchanganye. Naye anaendelea tu, anatazama nje, hakosei herufi.

Jumamosi alikuwa golini. Mwezi wa tatu, mwaka wa 2023, katika uwanja wa Ruring'u, mpira ulipigwa chini karibu na nguzo ya goli. Kioko akaurukia. Kichwa kikagonga goti la mshambuliaji. Akalala chali, macho wazi, glavu bado mikononi.

"Hakulia," anasema Mercyline. "Nilimuuliza kama anasikia uchungu, akasema hapana. Nikashukuru Mungu. Sikujua hiyo ndiyo ilikuwa habari mbaya."

Shingo ilikuwa imevunjika. Kuanzia mabegani kwenda chini, mikono yote na miguu yote, kimya. Alibaki na shingo, uso na mdomo. Na akili yake yote, wasikilizaji. Hilo watu walilisahau mapema sana.

Ofisi ilimngojea karibu miaka miwili. Halafu ikaandika barua. Ilisema Kioko anaweza kuendelea na kazi akiwa nyumbani, ila kwanza ajaribiwe. Aandike ukurasa mmoja. Kwa saa moja. Peke yake, bila mtu mwingine kugusa kibodi. Shikeni hayo matatu, maana habari yetu yote iko hapo: ukurasa mmoja, saa moja, peke yake. Akiweza, kazi anayo. Akishindwa, anastaafishwa.

Kabla barua haijafika, alikuwa tayari anajifunza. Aliyemfundisha ni dada mmoja mtaalamu wa tiba, anaitwa Wacera. Siku ya kwanza alikuja bila mashine yoyote, akaketi kando ya kitanda saa tatu nzima akiuliza. Ukigeuza kichwa unafika wapi? Unachoka baada ya dakika ngapi? Unataka kuandika nini, na nani akiwa karibu?

Walijaribu njia moja baada ya nyingine. Kompyuta inayoandika unapoiongelesha ilikataa. Misuli ya kifua cha Kioko ilikuwa imekufa, pumzi yake fupi. Maneno matano, sita, sauti inaisha, anahema. Na jirani ni fundi wa kuchomelea, kutwa nzima ni kelele za chuma. Wakajaribu kamera inayofuata macho. Ikakataa pia, kwa sababu mwili wake ulikuwa unashtuka ghafla, kichwa kinaruka, kamera inampoteza.

Kilichokubali ni kijiti. Kijiti cha kuuma mdomoni, unabonyeza nacho herufi moja moja.

Kilitengenezwa na Zubair, seremala wa Majengo. Alipima kwa futi ya kukunja kutoka midomo ya Kioko hadi kibodi: sentimita thelathini na nane. Akachonga mwanzi, mwepesi kama kalamu. Upande wa kuuma, Wacera aliweka plastiki laini iliyochukua alama za meno ya Kioko mwenyewe. Upande wa pili, kipande cha kifutio cha penseli, kisiteleze. Zubair akaunda na meza ndogo ya mbao za mgrivilia, imeinama, ili kibodi imtazame Kioko usoni. Alirudi mara nne kuipunguza miguu.

"Bosi," alimwambia, "hii ni fimbo ya chifu. Ukikosana na mama, mgongee nayo."

Kioko akacheka hadi kijiti kikaanguka. Mercyline anasema hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu uwanjani.

Siku ya kwanza aliandika jina lake kwa dakika kumi na moja. Shingo iliwaka moto. Kesho yake, dakika tisa. Alifanya hivyo kila siku isipokuwa Jumapili, miezi kumi. Wacera aliiweka kibodi ili herufi kubwa zisihitaji vidole viwili. Januari mwaka huu, Kioko aliandika ukurasa mzima kwa dakika hamsini na mbili. Akarudia kesho yake. Hamsini na mbili tena.

Ukurasa mmoja, chini ya saa moja, peke yake. Aliweza, wasikilizaji. Nataka mjue kwamba aliweza.

Sasa tufike mahali pagumu.

Mtu anayeuma kijiti hutokwa na mate. Mate yanateremka kwenye kijiti, yanadondoka. Mercyline alikuwa anaweka taulo chini ya kidevu na kupangusa kibodi. Lakini kina mama wa kanisa walipokuja kuwaona, wakati wa kuondoka mmoja alipofika mlangoni, kabla hajavaa viatu, akamnong'oneza mwenzake, "Umeona vile anadonoa? Kama kuku kwa mchele."

Mercyline alikuwa nyuma yao na vikombe. Alisikia. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, akasikia tena, "Huyo wa kudonoa, anaendeleaje?"

"Nilianza kufunga mlango akiandika," anasema. "Yeye alidhani ni baridi."

Kanisa lao lilikuwa na kamati ya kuwasaidia wagonjwa, mwenyekiti Mzee Dedan, mtu mkubwa wa mwili na sauti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kamati iliposikia habari ya mtihani, ilichangisha ikanunua kompyuta ya kuongeleshwa, skrini pana kama dirisha. Haikumuuliza Wacera. Haikumuuliza Kioko. Ikapanga kuikabidhi Alhamisi hiyohiyo ya mtihani, saa nne asubuhi, ili watu wa ofisi waone.

Jumatano jioni Mzee Dedan alimpigia Mercyline simu. "Mama Shirleen, kesho kutakuwa na wageni na kamera. Wasikute hiyo kijiti hapo. Tumetoka huko."

Mercyline hakubisha. Alikizungushia leso, akakiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo za mtoto.

Alhamisi waliingia watu kumi na saba katika chumba cha kutosha watu sita. Waliimba. Waliomba. Walipiga picha na skrini, Kioko akionekana pembeni. Kisha mama mmoja wa ofisini, aliyekuja na wenzake wawili, akaweka saa yake mezani na ukurasa wa kunakili. "Haya, Bwana Kioko. Saa moja."

Kioko alisoma maneno matano. Yakatokea kwenye skrini, watu wakapiga makofi. Maneno matano mengine, pumzi ikakatika. Akahema. Fundi wa jirani akawasha mashine yake, na skrini ikasimama kimya.

"Sema kwa nguvu, ndugu!" Mzee Dedan akahimiza. "Usiogope mashine!"

Kioko akajaribu. Akahema tena. Kisha akageuza uso kuelekea mlango wa jikoni.

"Mercy. Niletee kijiti changu."

"Ah, achana na hiyo ya zamani," Mzee Dedan akasema, akicheka. "Mambo ni kisasa sasa."

"Mercy. Kijiti."

Wageni wakamtazama Mercyline. Wale kina mama wawili walikuwa wamesimama kando ya kabati.

"Mercy."

Mercyline ameniambia hivi, nami nayarudisha maneno yake bila kuyapunguza: "Nilimsikia. Mara tatu. Dakika saba zilikuwa zimepita, bado angeweza kumaliza. Nikashika chupa ya chai, nikaanza kumimina."

Saa ilipoisha, kulikuwa na mistari minne. Mama wa ofisini aliandika kitu kwenye daftari, akala nusu mandazi, akasema, "Pole sana. Tutawaandikia." Na kweli waliandika. Alistaafishwa kwa sababu za afya.

Wageni walipoondoka, Mercyline alipanda kwenye stuli akateremsha leso. Alikiosha kijiti kwa maji moto na sabuni. Akakileta.

"Fungua, Baba Shirleen. Andika hata jina tu."

Kioko akafunga mdomo.

Kesho yake, hivyo hivyo. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Akiletewa uji, anafungua. Akiletewa dawa, anafungua. Akiletewa kijiti, midomo inakazwa, anatazama ukuta. Wacera alikuja mara mbili akaondoka akilia. Zubair alikuja na utani wake wa chifu, na hakuna aliyecheka.

Mwezi wa tano Mercyline alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia, "Nisamehe. Nilikuwa naona haya."

Kioko alikusanya pumzi, kisha akasema, "Mimi nimeona haya miaka miwili. Na bado nilikuwa nafungua mdomo."

Hawakulizungumzia tena. Mwezi wa saba kifua kilijaa, siku nne akawa ameenda.

Mazishini Mzee Dedan alisimama akasema kanisa lilimpa marehemu mashine ya kisasa akiwa hai. Watu walipiga makofi. Mamake Kioko, mama mzee anayetembea kwa kushikwa mkono, aliuliza kwa sauti, "Mwanangu alikuwa ameiomba?" Wakadhani hasikii vizuri. Wakaanzisha wimbo.

Wiki iliyopita kamati ilikuja kuichukua mashine. Ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wamepata mgonjwa mwingine, mwalimu kijana wa Kangema aliyevunjika shingo akianguka kutoka juu ya paa. Watamkabidhi Jumamosi hii.

"Mmemuuliza anataka gani?" Mercyline akauliza.

"Atafurahi tu," Mzee Dedan akamjibu. "Nani anakataa kitu ya bure?"

Ndiyo sababu Mercyline alikuja studio.

Kwa mama Mwangangi, kule Migwani: pole, mama. Tulikusikia. Kwa Shirleen, uliye shule ya bweni: pole, mwanangu. Baba yako aliandika ukurasa mzima kwa dakika hamsini na mbili, wakikuambia vingine usikubali. Kwa Mercyline: pole. Uliniomba nisikulainishie, nami sikukulainishia. Miaka miwili ulimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mgongo wake haukupata hata kidonda kimoja. Hilo pia ni kweli. Haliifuti ile Alhamisi, nawe hukuniomba liifute.

Na ninyi mliobaki, tafakarini nani yuko kitandani nyumbani kwenu, na lini mara ya mwisho mlimuuliza kitu mkangoja jibu liishe.

Lakini neno la mwisho ni la mwalimu wa Kangema. Sijui jina lako. Labda kuna mtu amekuwekea redio karibu na mto. Jumamosi watakuja na mashine kubwa, na kamera, na furaha ya kweli kabisa. Kama inakufaa, ipokee. Kama haikufai, sema hapana. Wataimba. Sema hivyo hivyo, katikati ya wimbo, na uendelee kusema hadi anyamaze mmoja wao.