Rosaire Lagacé, Fundi wa Mabomba na Mizinga ya Viazi (1946–2023)

Marehemu Rosaire Lagacé alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 huko Grand Isle, jimbo la Maine, katika shamba la viazi linalotazama mto na Kanada ng'ambo yake. Alikuwa wa tano kati ya watoto tisa wa Bwana Onésime Lagacé na Bibi Alma. Aliachiana ziwa na mdogo wake Fernand, na tangu utotoni ukimwona mmoja ulijua mwingine yuko nyuma ya ghala, na wote wawili wana hatia.

Kama watoto wote wa bonde letu wa enzi zile, alipewa adhabu shuleni kwa kuongea Kifaransa cha nyumbani kwao. Kila Septemba shule zilifungwa wiki tatu ili watoto wakavune viazi, naye alikuwa akisema kwamba elimu yake yote aliipata katika wiki hizo. Hata hivyo alimaliza sekondari mwaka 1964, jambo ambalo wakubwa zake wanne hawakulifikia.

Alijifunza ufundi wa mabomba kwa mjomba wake, akapata leseni mwaka 1969, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na mmoja. Aliweza kugonga bomba kwa ukucha akakwambia ni la nini na lina umri gani. Alikuwa mwepesi wa kuja, humwiti mara mbili, na mgumu wa kusifu kazi ya fundi mwingine.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Bi Jeannine Corriveau, na mwaka 1973 wakajaliwa binti mmoja, Mireille, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Ndoa yao ilitikiswa kweli mara moja tu, mwaka 1979, marehemu alipounda mzinga wake wa kwanza wa kurusha viazi. Mzinga ule, uliolipuka kwa spreyi ya nywele, ulikula ya mkewe hadi tone la mwisho, na Jumapili mama wa watu akaingia kanisani na nywele zimelala kama majani yaliyonyeshewa.

"Chagua, Rosaire," alimwambia mbele ya mlango wa kanisa. "Nywele zangu au viazi vyako."

"Nywele zako nimezizoea," akajibu marehemu. Alilala kwenye kochi siku nne.

Sifa zake zilivuka mto. Kila mavuno yalipokwisha, watu walimletea mizinga yao iliyogoma, naye hakuuliza maneno mengi. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatia pua ndani, akanusa. "Mashine umeilisha mno," alikuwa akisema. "Haikuwaka ukaongeza spreyi, ikagoma ukaongeza tena. Hii haina njaa ya mafuta, ina njaa ya hewa. Iache ipumue." Kama si hivyo, basi cheche haikuruka, au kiazi kilikatwa kidogo na moshi ukakipita pembeni. Mzinga ukishapona, kiazi kilichooza cha kutupwa kikaruka shamba zima na kugonga pipa la mwerezi, na watu wazima wakashangilia kama watoto. Mireille hajamwona baba yake na furaha zaidi ya hiyo, hata siku ya harusi ya binti huyo, na hilo ameshamsamehe.

Sasa tunafika mahali ambapo Bi Jeannine aliomba tuparuke. Marehemu mwenyewe aliagiza tusiparuke.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1989, ndugu hao wawili walijaribu mzinga mpya, wa kusukumwa na hewa. Fernand ndiye aliyepiga pampu. Tumbo la mzinga lilipasuka mikononi mwao kabla koki haijafunguliwa, na kipande cha plastiki kikaingia jicho la kulia la Fernand. Hospitalini watu walipouliza, Rosaire alisema, "Fernand alijaza hewa kupita kiasi." Basi. Maneno matano, na bonde zima likayaamini, kwa kuwa nani angebishana na fundi wa mabomba? Fernand alipoteza jicho, akapoteza kazi ya kuendesha lori la viazi, na akapewa jina: Fernand Pampu. Watu walilitamka wakicheka, mbele yake, kwenye harusi na kwenye karamu za mavuno, na wengi wao wamo humu leo. Tangu siku ile marehemu hakugusa tena plastiki kwa mzinga wa hewa. Alitumia chuma tu, na aliyemletea wa plastiki alimrudisha nyumbani kwake kwa ukali. Sote tulidhani ni busara.

Februari 2022 madaktari walikuta saratani kwenye mapafu yake. Agosti ya mwaka uliofuata, akiwa hawezi tena kupanda ngazi, alimwita Mireille aje na kalamu.

"Andika. Bomba lile lilikuwa la maji machafu, halikuundwa kubana hewa. Lilibaki kwenye kazi ya watu, nikaliona linatosha urefu, nikaona uvivu kwenda kununua jingine. Nilijua. Kusoma mabomba ndiyo kazi yangu. Hewa ilikuwa paundi sitini tu, kama nilivyomwambia ajaze."

"Rosaire, mazishini watu husema mazuri," akasema Bi Jeannine kutoka mlangoni.

"Ndiyo maana vijana wanaendelea kupasukiwa na mizinga."

Mireille alikasirika, na hasemi uongo hapa. Alikuwa na miaka kumi na sita mwaka ule. Yeye pia alimwita baba yake mdogo Pampu. Alimwambia marehemu kwamba hatasoma neno lolote mbele ya watu kabla halijasomwa kwanza mbele ya Fernand mwenyewe. Fernand akaitwa, akaja na kofia mkononi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akasomewa.

"Najua," alisema. "Maandishi ya bomba niliyaona bado nina macho mawili. Nikasema, kaka ni fundi, anajua."

"Miaka thelathini na minne, baba mdogo!" Mireille alilia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema najitetea. Ilikuwa juu yake." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Umechelewa, kaka."

"Nimechelewa. Nisamehe, mdogo wangu."

"Sogea huko," akasema Fernand, "mgongo unaniuma." Akavua viatu, akajilaza kando ya kaka yake kama walivyolala utotoni, tisa katika vitanda vitatu. Bi Jeannine alikwenda jikoni kupika ployes, chapati za kwetu, bila kuombwa, akiwa amekubali kushindwa hoja.

Fernand alirudi kila siku hadi Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, marehemu alipovuta pumzi ya mwisho, mashine za mavuno zikisikika shambani.

Ameacha mjane, Bi Jeannine, binti, Mireille, na mumewe Clovis, wajukuu watatu, dada zake Huguette na Solange, na mdogo wake, Fernand Lagacé, aliyejaza hewa sawasawa kama alivyoambiwa.

Mungu amlaze Rosaire pema, naye apumzike.